Meza Iliyovuta Upande wa Barabara

Aguti aliuza chai na chapati Malaba kwa miaka mingi kabla hajawahi kushika fimbo ya pool. Watu walimwita Mama Winny, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kibanda chake kilikuwa pale ambapo malori ya kuingia Uganda husimama foleni siku mambo yakikwama mpakani, na wateja wake wengi walikuwa madereva. Dereva akishakunywa chai hana tena la kufanya. Anazunguka lori lake, anapiga gurudumu teke, anarudi kuuliza kama kumebaki chapati.

Wazo la meza lilimjia siku aliyopeleka chapati kwenye baa ya jirani. Mwanamume mmoja alikuwa anacheza peke yake. Aliupiga mpira mweupe, nao ukaenda kuugonga mwekundu katikati kabisa, kisha ukasimama palepale, kimya, kama umefika nyumbani. Mwekundu ndio ulioondoka, ukiwa umechukua mwendo wote wa mweupe. Aguti alisimama mlangoni na sahani yake mkononi.

"Rudia hiyo," alimwambia yule mwanamume.

Yule mwanamume alidhani anataniwa, lakini alirudia, na mpira mweupe ukasimama tena. Aguti alirudi kibandani akiwa ameisahau sahani yake huko baa.

Mumewe, Ilukor, alikuwa nyumbani Amukura na ng'ombe na shamba la mihogo, na wazo hilo halikumfurahisha. Yeye alitaka mkewe anunue cherehani.

"Cherehani inashona nguo," alisema. "Hiyo meza itashona nini?"

Lakini Ilukor hakuwa mtu wa kuzuia kitu baada ya kukipinga mara moja. Aguti alikodi chumba kikubwa kwa Mzee Makokha, mtu wa Bukhayo aliyekuwa na safu ya vyumba vya kupanga kando ya barabara. Akanunua meza iliyotumika kutoka kilabu kimoja cha Bungoma kilichokuwa kinafungwa. Quinton, fundi wa meza za pool kutoka Busia, alikuja kuiunga. Chini ya kile kitambaa cha kijani mna vipande vya jiwe, vizito hata wanaume waliovibeba walipumzika njiani mara kadhaa wakitukana. Quinton aliweka pima maji yake juu ya jiwe, kile kichuma chenye kichupa na povu la hewa ndani, akakaza miguu ya meza mpaka povu likatulia katikati. Akauviringisha mpira polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukaenda kama umechorewa mstari.

"Meza yako imelala vizuri, mama," alisema.

Na kweli ilikuwa imelala vizuri, mpaka mvua za masika zilipoanza.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa Aguti mwenyewe. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alikuwa na mazoea ya kucheza kidogo peke yake. Siku moja aliusukuma mpira polepole kuelekea mfuko wa kona, na ulipokaribia kusimama ukapinda kidogo upande wa barabara, ukakosa mfuko. Akarudia. Ukapinda tena. Alipoupiga kwa nguvu haukupinda. Ulikwenda moja kwa moja ukaingia. Akarudi kuupiga polepole, nao ukapinda. Akakuna kichwa kwa chaki ya fimbo, akajipaka buluu kwenye paji la uso bila kujua.

Alimpigia Quinton simu. Quinton akaja, akatazama povu lake, akaweka vipande vyembamba vya mbao chini ya mguu mmoja, akaondoka. Wiki haikuisha, mpira ukaanza kupinda tena. Aguti akamwita tena.

"Mbona ninapoupiga kwa nguvu hauendi huko?" alimuuliza.

Quinton alikuwa amepiga magoti chini ya meza. "Mpira ukishaanza kwenda, unataka kuendelea na njia yake tu," alisema. "Kitambaa kinaukwaruza, unapunguza mwendo. Na meza ikiwa imeinama, ardhi inauvuta chini huku ukienda. Ukiwa na mbio, unafika mfukoni kabla haijauvuta sana. Ukienda pole, ardhi inapata nafasi ya kuuvuta njia nzima."

"Basi tatizo ni meza kuinama."

"Tatizo ni meza kuinama. Lakini mimi kila nikija naiinua. Sijui nani anaishusha."

Hata Aguti hakujua. Alichojua ni kwamba kila mtu alikuwa na lake la kusema. Siku moja dereva mmoja wa Mbale alishindwa michezo mfululizo na vijana wa hapo, akaweka fimbo chini taratibu, akamgeukia.

"Nyabo, mama, meza yako inaiba."

"Meza haiibi, boss. Imeinama kidogo. Fundi anakuja."

"Imeinama upande wa nani?" dereva akauliza. "Hawa watoto wako wanajua inakoinamia. Mimi mgeni sijui. Sasa huo si wizi?"

Aguti alimrudishia soda waliyokuwa wamewekeana na ambayo aliipoteza, akamwomba radhi, na dereva akaenda zake. Lakini neno lile halikumtoka. Alikuwa mama wa kanisa. Alikuwa amekataa kuuza pombe mle ndani ili watu wasiseme, na sasa watu walisema hata hivyo. Baada ya siku chache alisikia madereva wakiambiana kwenye foleni kwamba kuna mama mmoja wa Kiteso ana meza yenye dawa.

Vijana, kwa upande wao, hawakuona shida yoyote. Aliyewaongoza alikuwa Brayo, mwendesha bodaboda mwenye mikono mirefu, ambaye hakuwa na subira ya kungoja abiria lakini mezani alikuwa na subira isiyoisha. Brayo alikuwa ameusoma mwinamo wote. Aliupiga mpira polepole sana, kuelekea mahali pasipokuwa na kitu, na watu wasiomjua wakacheka. Kisha mpira ulianza kupinda, ukipunguza mwendo na kuzidi kupinda, hadi ukatumbukia mfukoni kwa sauti ndogo. Wenzake waliita pigo hilo "kulaza mpira". Watu walikuja hata kutoka Amukura kumtazama Brayo akilaza mpira.

Aguti alimtazama pia, na hakuweza kuamua kama anafurahi au anaumia. Kijana alikuwa fundi wa kweli. Lakini alikuwa fundi wa kasoro ya meza yake.

Mambo yalifika kileleni vijana wa Malaba walipoalika wachezaji wa Busia. Zawadi ilikuwa mbuzi, na mchezo ungekuwa kwa Mama Winny, Jumamosi mchana. Aguti aliposikia, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita Quinton aje asubuhi hiyohiyo ainyooshe meza.

Brayo alipata habari, akaja Ijumaa jioni akaegesha pikipiki mlangoni. Hakuingia na kelele zake za kawaida.

"Mathe, nasikia fundi anakuja kesho."

"Anakuja."

"Si uache tu mpaka mchezo upite? Jumapili afanye anachotaka."

"Hapana, Brayo."

"Kwani kuna ubaya gani? Kila mtu na meza yake. Hata sisi tukienda Busia tunapata meza yao iko na shida zake."

Aguti alikuwa anaosha vikombe. Aliendelea kuosha. "Watu wa Busia wakishindwa kwa meza iliyoinama, wataniita mwizi mpaka Busia. Sasa hivi naitwa mwizi hapa tu."

"Na sisi tukishindwa?"

"Mtakuwa mmeshindwa. Wewe unajua kucheza. Nimekuona. Cheza tu kama watu wengine."

Brayo aliiangalia meza, kisha akaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi Quinton alifanya kazi yake kwa makini kuliko siku zote. Aliinua, akashusha, akapima urefu na upana, akauviringisha mpira kila upande. Mpira ukaenda sawasawa. Aguti akaujaribu yeye mwenyewe, pole kabisa, kiasi kwamba ulisimama kabla ya kufika. Haukupinda hata kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alihisi mabega yake yakishuka.

Chumba kilijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Nahodha wa Busia alikuwa Lazarus, mwanamume mtulivu wa makamo aliyecheza huku amevaa koti. Vijana wa Malaba walishinda michezo ya mwanzo, wale waliozoea kupiga kwa nguvu, kwa sababu wao meza iliyonyooka haikuwabadilishia kitu. Busia wakarudisha. Ukabaki mchezo wa mwisho, Brayo na Lazarus.

Brayo alijua meza imenyooshwa. Hilo ndilo lililomuumiza Aguti baadaye, alipolifikiria. Alikuwa ameambiwa, na alikuwa ameona. Lakini kila alipoinama, mkono wake ulielekeza fimbo pembeni kidogo ya mahali panapostahili, na mpira ukaenda pembeni vilevile, kwa utiifu, kama alivyouelekeza. Alikosa. Akatikisa mkono kama mtu aliyekaliwa na nzi, akajaribu kurekebisha, akazidisha upande wa pili, akakosa tena. Alipopiga kwa nguvu aliingiza, na watu wakapiga makofi, lakini hakuwa mtu wa kupiga kwa nguvu; mpira mweupe ulimkimbia kila mara ukaenda kukaa mahali pabaya.

Hata hivyo alifika kwanza kwenye mweusi, mpira wa mwisho unaoamua mshindi. Ulikuwa karibu na mfuko wa kona, pigo ambalo hata Aguti angeliweza. Nje lori lilikuwa linapumua breki zake.

Brayo alilaza mpira. Aliupiga polepole, upande ule wa zamani, akinyoosha shingo kuusubiri upinde. Mweusi ukaondoka taratibu, ukasonga kwenye kitambaa, ukapunguza mwendo, na ukaendelea kwenda mbele tu, hadi ukasimama kando ya mfuko. Lazarus hakufanya haraka. Alipaka chaki fimbo yake, akamaliza mipira yake iliyobaki, kisha akauingiza mweusi.

Watu wa Busia waliondoka na mbuzi. Waliobaki walimgeukia Aguti.

"Umeuza mchezo wetu, mama," alisema mmoja wa wenzake Brayo.

"Nimemuuzia nani? Nimenyoosha meza tu."

"Ulikuwa na mwaka mzima wa kuinyoosha. Ukachagua leo."

Aguti alimtafuta Brayo kwa macho, akitumaini atasema neno. Brayo alikuwa anaivaa kofia yake ya pikipiki, na hakuinua kichwa. Wakatoka wote pamoja.

Alipofagia chumba jioni ile alifagia kwa hasira, akigonga miguu ya meza kwa ufagio. Meza ikiinama aliitwa mwizi. Meza ikinyooka aliitwa msaliti. Alimpigia Ilukor simu akamweleza yote, na Ilukor akasikiliza mpaka mwisho.

"Cherehani haichezwi na watu," alisema.

Aguti akakata simu.

Vijana walihamia baa ya jirani. Madereva walikuja wachache wachache. Kisha mvua ikanyesha siku kadhaa bila kukoma, na asubuhi moja Aguti aliusukuma mpira polepole, nao ukapinda upande wa barabara.

Hakumwita Quinton. Alivuta kigoda akaketi, akautazama ule mpira uliokwenda kulala kwenye ukingo wa meza. Alikuwa amelaumu miguu ya meza, akalaumu malori yanayotikisa barabara, hata Quinton amemlaumu moyoni. Aliuchukua mpira, akainama, akauweka chini kwenye sakafu ya saruji, akauachilia. Ukakaa kidogo. Kisha ukaanza kwenda, pole, wenyewe, ukapita chini ya meza na kuishia kwenye kona ya upande wa barabara. Akaurudisha. Ukaenda tena palepale.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mzee Makokha.

"Mzee, sakafu yako inazama."

Makokha alikuwa anakula. Alimkaribisha kiti na kutafuna kwanza. "Sakafu hiyo niliimwaga mimi mwenyewe, kwa saruji nzuri. Hakuna mpangaji amewahi kulalamika."

"Wengine waliweka vitanda. Kitanda kikiinama mtu analala tu."

"Labda ni hiyo meza yako nzito. Wewe umeniharibia nyumba, na mimi sijasema kitu."

Aguti alikaza macho yake kwenye ukuta ili asijibu vibaya. Alikuwa amefundishwa asimjibu mzee vibaya, na hakuna siku mafundisho hayo yalimlemea kama siku ile. "Naomba nipasue hiyo kona nione. Nikikuta ni sawa, nitairudisha kwa gharama yangu na sitakusumbua tena."

Makokha alikataa. Aguti akarudi kesho yake, na keshokutwa, akaketi pale wakati wa chakula, hadi mke wa Makokha akachoka kumwongezea sahani, akamwambia mumewe amruhusu.

Quinton alipasua kwa nyundo na patasi. Saruji ilikuwa nyembamba kuliko biskuti. Chini yake udongo ulikuwa umeshuka na kuacha uwazi, na chini zaidi yakaonekana makopo, vitambaa vilivyooza, majivu, vigae vya chungu. Quinton alisukuma chuma chake chini, nacho kikazama bila kugonga kitu kigumu. Makokha, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono nyuma, alisogea akachungulia.

"Hicho ni choo cha zamani cha marehemu baba," alisema. "Kilijazwa."

"Ulijua kiko hapa?" Aguti aliuliza.

"Nilijua kimejazwa."

Quinton alijifanya anatafuta patasi. Maneno yote aliyokuwa ameyaweka tangu siku ya yule dereva wa Mbale yakamjia Aguti kwa pamoja. Mvua zote zile. Fundi aliyeitwa na kuitwa tena. Jina lake kwenye foleni. Na muda wote kulikuwa na shimo, na kuna mtu aliyelijua. Mwishowe alisema tu, "Mzee, lete mawe ulijaze vizuri."

Makokha aliahidi. Mawe hayakuja wiki ile, wala iliyofuata. Alikuwa akisema lori la mawe limeharibika, kisha kwamba mwenye mawe amesafiri. Aguti akaacha kumngoja. Aliwakodi wanaume wengine, wakaifungua meza wakaihamishia kwenye ukuta wa nyuma, ambako Quinton aligonga sakafu yote kwa nyundo akisikiliza, na akasema hapa ni udongo mzima. Huko nyuma palikuwa na giza kidogo, na upande mmoja fimbo iligonga ukuta mchezaji alipotaka kupiga, kwa hiyo akachongesha fimbo fupi ya kutumia upande huo. Ile kona iliyopasuliwa akaifunika kwa mbao na kupanga makreti ya soda juu yake.

Meza ikanyooka, na safari hii ikabaki imenyooka. Mvua zikaja zikapita, na mpira ukaendelea kwenda sawa. Madereva walirudi mmojammoja. Hakuna aliyesema amekosea kumwita mwizi. Walilalamika tu kuhusu fimbo fupi.

Brayo alirudi mwisho kabisa, mchana mmoja usio na abiria. Aliingia akaketi, akaagiza chai, akaitazama meza kutoka mbali.

"Wanasema sasa iko sawa."

"Iko sawa."

Aliinuka akajaribu. Alikosa pigo la kwanza na la pili, akakunja uso. Alikosa mapigo ambayo mtoto wa shule angeyapata, na Aguti, aliyekuwa akikanda unga, akaongeza maji na kuendelea kukanda. Brayo alicheza mpaka chai yake ikapoa. Aliinama, akaelekeza, akasita, akasogeza fimbo yake kidogo kama mtu anayevuta mkono wa mwingine, akapiga. Mipira mingine iliingia. Mingi haikuingia.

"Mkono wangu unaenda kule tu," alisema kwa uchungu, akiukunja na kuukunjua. "Najua ni wapi, lakini mkono unaenda kule."

"Utazoea."

"Ilinichukua mwaka mzima kuijua ile ya kwanza."

"Basi na hii itakuchukua."

Hakucheka. Lakini kesho yake alirudi, na siku zilizofuata, daima peke yake, wakati ambao wenzake hawapo. Kuhusu Jumamosi ile ya mbuzi hawakuzungumza, na Aguti hakujua kama amesamehewa, wala kama kulikuwa na kitu cha kusamehewa.

Mvua za vuli zilipofika, unyevu uliingia chumbani na kitambaa cha meza kikawa kizito. Mpira uliopigwa kwa nguvu ya kawaida ulisimama katikati ya meza. Siku ya kwanza Aguti alisikia mteja akimwambia mwenzake kwamba hii meza imeharibika tena, mipira inachoka njiani.

Aliinua mkono wake, akawaambia wote waweke fimbo chini. Akatoa mipira. Akapiga kitambaa brashi, upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, kama Quinton alivyomfundisha. Kisha akaenda jikoni, akajaza pasi yake makaa, akapuliza majivu, akarudi nayo.

"Mama, unapiga meza pasi?" aliuliza dereva mmoja.

"Napiga pasi unyevu utoke. Kaa hapo ungoje."

Mvuke ulianza kupanda kwenye kitambaa. Brayo, mkono kwenye ukingo wa meza, alisogea kando ili asizuie njia, na Aguti akaendelea kuisukuma pasi, taratibu, hadi mwisho wa meza.